Klabu ya Baiskeli ya Wafanyakazi wa Chuo, Mtwara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wafanyakazi wenzetu wanaotusimamisha kwenye korido za ofisi, kwenye mgahawa na getini. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yanayojitokeza mara chache, na pale ambapo jambo limeshaelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika.

## Kuhusu klabu

1. Klabu hii ni ya nani?

Ni ya wafanyakazi wa chuo walioamua kuendesha baiskeli pamoja kwenye barabara za lami siku za mapumziko. Wamo wahadhiri, wahasibu, wakutubi, mafundi wa maabara, madereva na walinzi. Mtu akiwa na mkataba wa kazi na chuo, uwe wa kudumu au wa muda, ana nafasi sawa na mwingine yeyote. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu wapo wenzetu wa idara za usafi na ulinzi waliodhani kwamba klabu ni ya wenye shahada, ilhali baadhi yao wamekuwa wakija kazini kwa baiskeli kwa miaka mingi na wana miguu ambayo sisi wengine tunaitamani.

2. Je, mnashindana?

Hapana. Hatupimi muda wala hatutangazi nani alifika wa kwanza. Mwendo wa kundi huamuliwa na mwanachama mwenye kasi ndogo kuliko wote waliojitokeza siku hiyo, na kanuni hiyo ndiyo inayoifanya klabu iwepo. Anayetaka kukimbia kweli anaweza kufanya hivyo siku nyingine akiwa peke yake au na wenzake wenye nia hiyo, nasi hatuna kinyongo naye.

3. Mnaendesha siku gani na saa ngapi?

Jumamosi asubuhi. Ijumaa na Jumapili ni siku za ibada kwa wengi wetu, hivyo Jumamosi haimlazimishi mtu kuchagua kati ya baiskeli na ibada yake.

Saa ya kuondoka hufuata jua na hubadilika kwa majira. Mwezi Juni jua la Mtwara huchomoza baada ya saa 12 na nusu asubuhi, ilhali mwezi Novemba huchomoza kabla ya saa 12. Tunaondoka mara tu mwanga unapotosha dereva wa lori kutuona kutoka mbali, wala si mapema zaidi, na tunajitahidi kuwa tumerudi kabla ya saa 4, wakati ambapo joto na unyevunyevu wa pwani huanza kuwaelemea hata waliozoea.

4. Kuna ada?

Kuna mchango mdogo wa mwezi usiozidi bei ya tyubu moja. Fedha hizo hununua viraka, gundi, tyubu za akiba na vifaa vya huduma ya kwanza, na matumizi husomwa mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Asiyekuwa nao kwa mwezi fulani hadaiwi na hatajwi.

5. Tuitane vipi tukiwa barabarani?

Swali hili huulizwa zaidi na vijana wanaoogopa kumwambia mkuu wa idara kwamba tairi lake limepungua upepo. Heshima yetu ya kawaida inabaki: mdogo humwamkia mkubwa shikamoo wakati wa kukutana, na mzee huitwa mzee. Hata hivyo, tukishapanda baiskeli, vyeo vya ofisini tunaviacha kando, kwa kuwa onyo la shimo lazima litoke haraka na halina nafasi ya kutanguliwa na “samahani, Daktari”. Anayeongoza msafara siku hiyo husikilizwa na wote, hata kama ni mhudumu wa ofisi na nyuma yake yupo profesa.

## Baiskeli na vifaa

6. Nina baiskeli ya kawaida ya chuma, ile ya kubebea mizigo. Naweza kuja?

Njoo nayo. Kwa njia fupi (tazama swali la 11) baiskeli hiyo inatosha kabisa, mradi breki zote mbili zinashika, mnyororo haurukiruki na pedali hazijalegea. Ondoa mizigo na, ikiwezekana, funga kariya vizuri ili isipige kelele njia nzima. Ugumu wake utauona kwenye miinuko, kwa sababu haina gia za kubadilisha. Ukishuka na kusukuma, tutakusubiri juu.

7. Nikitaka kununua baiskeli ya mbio, nitafute ipi?

Baiskeli nyingi za mbio zinazopatikana nchini ni za mtumba, na kwa kawaida huchaguliwa Dar es Salaam na kuletwa Mtwara kwa basi. Kagua kwanza fremu, hasa sehemu ambazo mabomba yanaungana na chini ya rangi iliyovimba, kwani ufa wa hapo hauzibiki kwa kupaka rangi upya. Zungusha magurudumu uone kama rimu zinayumba, tikisa krenki (mikono inayoshika pedali) usikie kama gololi zimelegea, kisha angalia meno ya gia za nyuma: yakiwa yamechongoka, utalazimika kununua gia na mnyororo kwa pamoja.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni ukubwa wa fremu. Simama ukiwa umeipanda katikati, miguu yote chini. Bomba la juu lisikuguse. Baiskeli nzuri isiyokutosha itakuumiza mgongo na mabega kila Jumamosi, na hakuna marekebisho ya kiti yatakayoiponya.

Ushauri wetu ni kuchagua fremu yenye nafasi ya tairi la upana wa milimita 28 au 32. Matairi membamba ya milimita 23 yanapendeza machoni, lakini kwenye lami yenye mchanga na kingo zilizomeguka, kama ilivyo sehemu nyingi za kwetu, yanachosha mikono na hupata pancha kwa urahisi.

8. Nilinunua tairi la “28” dukani na limekataa kuingia. Kwa nini?

Hili limewapotezea wanachama wengi fedha, kwa hiyo tunalieleza kwa urefu. Namba 28 hapa ni inchi, si upana wa milimita 28 tuliotaja kwenye swali la 7, nayo hutumika kwa rimu zaidi ya aina moja. Baiskeli ya kawaida ya chuma hutumia tairi la 28 x 1½, ambalo kipenyo chake pale linapokaa kwenye rimu ni milimita 635. Baiskeli ya mbio ya kisasa hutumia tairi linaloandikwa 700C, ambalo kipenyo chake ni milimita 622. Tofauti ya milimita 13 ni ndogo kwa macho, lakini tairi la moja halikai kwenye rimu ya nyingine: ama litalegea na kuchomoka, ama halitaingia kabisa. Mkanganyiko unazidi kwa sababu baadhi ya matairi ya 622 nayo huandikwa 28 ubavuni.

Usisome namba kubwa ya mbele. Tafuta ubavuni mwa tairi lako la zamani namba mbili zilizotenganishwa na kistari, kwa mfano 28-622 au 40-635. Ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo, na hiyo ya pili lazima ifanane kabisa na ya tairi jipya. Baiskeli nyingi za zamani za milimani, zile za inchi 26, huwa na 559. Tyubu huvumilia zaidi kuliko tairi, kwa kuwa hutanuka, na wakati wa dharura tyubu ya upana unaokaribiana itakufikisha nyumbani.

Katika maduka ya mjini kwetu, matairi ya 28 x 1½ na ya inchi 26 ndiyo unayoyakuta kwa urahisi. Mwenye rimu za 622 asisubiri tairi lichakae ndipo aagize.

9. Pampu ya kituo cha mafuta inafaa?

Inategemea valvu. Ikiwa valvu yako ni nene kama ya gari, pampu hiyo itaingia, ingawa ujaze kidogo kidogo kwa sababu tyubu ya baiskeli hupokea hewa kidogo tu na hupasuka upesi. Baiskeli nyingi za mbio zina valvu nyembamba yenye kijiskurubu juu, ambayo hulegezwa kabla ya kujaza na kukazwa baada ya hapo. Hiyo huhitaji kiungo kidogo cha shaba kinachofungwa juu yake. Ni kifaa cha bei ndogo. Weka viwili mfukoni.

Kwa mtu wa uzito wa kilo 70 hivi, tairi la milimita 28 hutosheka na psi (kipimo cha shinikizo la hewa) 70 hadi 80, na la milimita 32 psi 55 hadi 65. Kujaza hadi tairi liwe gumu kama jiwe hakuongezi kasi kwenye barabara zetu.

10. Mnyororo wangu unashika kutu kila wiki. Nifanye nini?

Hewa ya chumvi ndiyo inayofanya hivyo, hasa kwa wanaoishi Shangani na maeneo mengine ya ufukweni. Futa mnyororo kwa kitambaa kikavu kila baada ya safari, weka tone la oili kwenye kila pingili, zungusha pedali kinyumenyume, kisha futa tena hadi nje pasibaki na utelezi. Oili inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani ya pingili; iliyobaki nje hukusanya mchanga. Kwa sababu hiyo tunakataza oili chafu ya injini, ambayo mafundi wengi huimwaga kwa nia njema: huwa tayari imebeba vumbi la chuma, na ikichanganyika na mchanga wa pwani hula meno ya gia. Baiskeli iliyoguswa na maji ya bahari ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

## Njia, majira na hali ya hewa

11. Mnapita njia zipi?

Njia ya kwanza kwa kila mgeni ni Mtwara hadi Mikindani na kurudi, takribani kilometa 20 kwa jumla. Ni lami, miinuko ni michache, na unaendesha ukiiona ghuba. Tunapumzika karibu na Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, katika mji uleule ambao David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Wakati wa kwenda ni rahisi kujisahau, kwa sababu upepo wa kusi, unaovuma kutoka kusini katikati ya mwaka, husukuma mgongoni. Wakati wa kurudi upepo wa baharini, ambao huongezeka kadiri jua linavyopanda, hukutana nawe usoni. Wageni hutumia nguvu zao zote kabla ya Mikindani, na ndiyo maana tunawazuia.

Njia ya pili ni Naliendele, ilipo taasisi ya utafiti wa kilimo inayojulikana kwa korosho. Ni takribani kilometa 10 kutoka mjini, na barabara hupanda taratibu kutoka usawa wa bahari. Katika miezi ya kusi unapanda ukiwa na upepo wa mbele, kisha unarudi ukishuka na upepo nyuma yako. Kwa maoni yetu hii ndiyo njia bora ya kujenga nguvu, kwa sababu sehemu ngumu inaisha kwanza.

Waliozoea huendelea mbele ya Naliendele kwenye barabara ya kuelekea Newala, ambayo kipande chake cha kwanza cha kilometa 50 hadi Mnivata kina lami. Msimbati hatuendi kama klabu, kwa kuwa mchanga wa njia hiyo haufai kwa matairi yetu.

12. Malori hayawatishi?

Yanatutisha, na hofu hiyo tunaiheshimu. Barabara ya Mikindani ndiyo hiyohiyo inayobeba saruji kutoka kiwandani, makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kuja bandarini, na kuanzia Oktoba korosho za msimu mpya. Lori lenye tela linapokupita hukusukuma kwanza nje, kisha hewa ya nyuma yake hukuvuta ndani kuelekea barabarani. Shika usukani kwa mikono miwili, usiukaze, na usiangalie nyuma wakati huo.

Kuanzia Oktoba hadi Desemba tunahamishia safari nyingi upande wa Naliendele, na tukienda Mikindani huwa tunaondoka mara tu mwanga unapotosha na kwenda kwa mstari mmoja tu. Ikiwa mbele kuna lori linalokuja na nyuma kuna lingine, tunatoka nje ya lami na kusimama. Hakuna aliyewahi kupungukiwa na kitu kwa kusimama.

13. Ule unga wa njano mashambani una madhara?

Ni salfa, ambayo wakulima huipuliza kwenye mikorosho kati ya Juni na Septemba ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Hupulizwa alfajiri na asubuhi mapema, wakati upepo umetulia, yaani saa zetu zilezile. Huwasha macho na koo, na kwa mwenye pumu inaweza kuleta shida kubwa. Mashine ikisikika ikinguruma karibu na barabara, tunasimama upande unaotoka upepo hadi wingu lipungue. Miwani ni ya lazima miezi hiyo, na mwenye pumu abaki kwenye njia ya Mikindani. Mkulima hatumwombi aache. Mikorosho ile inalisha mkoa mzima, nasi tunapita tu.

14. Mvua ikinyesha?

Msimu wetu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mara nyingi huwa na mapumziko ya siku kadhaa katikati. Mvua nyepesi haituzuii, ila umbali wa kusimama baada ya kushika breki huongezeka na mistari iliyopakwa rangi barabarani huteleza. Radi hutuzuia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali au kimbunga, safari inafutwa bila mjadala. Wanaokumbuka kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilivyotufanya tuhame nyumba za mabondeni, au Hidaya cha Mei 2024 kilivyoharibu barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, hawahitaji kuelezwa sababu.

## Kuendesha kwa kundi

15. Kanuni za msafara ni zipi?

Tunakaa kushoto, kwa mstari mmoja kwenye barabara kuu. Mmoja huongoza na mmoja mzoefu hufunga msafara, naye hampiti mtu yeyote hata awe amechoka kusubiri. Gurudumu lako la mbele lisipishane na la nyuma la mwenzako, kwa sababu akiyumba kidogo wewe ndiye utakayeanguka, si yeye. Usifunge breki ghafla.

Ishara zetu ni za sauti: “Shimo!”, “Mchanga!”, “Mbuzi!”, na “Gari nyuma!”, ambayo huanzia kwa mfunga msafara na kurudiwa na kila mmoja hadi mbele. Anayeona hatari asidhani kwamba mwingine amekwisha kuiona.

Kwenye upepo wa kusi tunapokezana kukaa mbele. Aliye nyuma ya mwenzake, kwa umbali wa karibu mita moja, hutumia nguvu chache zaidi kwa kasi ileile, na hiyo ndiyo njia pekee ambayo mtu wa miaka 55 na kijana wa miaka 28 wanaweza kufika pamoja. Wenye nguvu wakae mbele kwa muda mrefu. Wasizitumie kuwakimbia wenzao.

Tuna deni pia kwa wanaotumia barabara hiyo kila siku. Mwendesha baiskeli aliyebeba gunia la mkaa, ndoo za samaki au madumu ya maji hana uwezo wa kukwepa upesi. Tunampisha, tunamsalimu, na hatumpigii kengele kumwondoa njiani.

16. Nikipata pancha au nikichoka?

Msafara mzima unasimama. Kila mmoja hubeba tyubu ya saizi yake na viondolea tairi viwili. Pampu na viraka hubebwa na mfunga msafara. Aliyechoka husema mapema, kabla ya kizunguzungu, nasi tunapunguza mwendo au mmoja wetu anarudi naye. Bajaji inayoweza kubeba baiskeli haikosekani kati ya Mikindani na mjini.

## Mwili, mavazi na chakula

17. Nile na ninywe nini?

Kwa joto letu panga nusu lita hadi lita moja ya maji kwa kila saa, ukinywa mafunda machache machache. Kwa safari inayozidi saa mbili ongeza chumvi na sukari: dafu, au maji ya chumvichumvi ya kifurushi. Ndizi mbivu, chapati au kitumbua kabla ya kuondoka vinatosha. Ming'oko (mizizi ya porini inayoliwa) iliyochemshwa, inayouzwa kandokando ya barabara, ni chakula kizuri cha kusimama nacho; korosho zina mafuta mengi, ni tamu, lakini ziachwe hadi mwisho wa safari.

18. Wanawake wanavaa nini?

Wanavaa wanachokiona kinawasitiri na kinawaruhusu kukanyaga pedali. Wapo wanaovaa suruali pana na fulana ndefu, na wapo wanaofunga hijabu ndogo chini ya kofia ngumu. Tunachokataza kwa wote, wanawake na wanaume, ni nguo inayoning'inia karibu na mnyororo au spoku. Maoni juu ya mwili au mavazi ya mwanachama hayaruhusiwi, na aliyeyatoa huombwa arudi nyumbani siku hiyo.

19. Nina presha au kisukari. Nishiriki?

Zungumza kwanza na daktari wako, kisha mjulishe kiongozi wa safari kwa siri ili ajue la kufanya. Mwenye kisukari anayetumia dawa abebe kitu cha sukari mfukoni, si kwenye begi la mwenzake.

20. Magoti yananiuma.

Mara nyingi kiti kiko chini mno. Ukikaa na kuweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka. Maumivu yakiendelea baada ya kurekebisha, pumzika na umwone mtaalamu.

## Mambo ya nadra

21. Mwezi wa Ramadhani mnafanyaje?

Safari za asubuhi hubaki fupi kwa wasiofunga. Kwa wanaofunga kuna mzunguko wa mwendo mdogo mjini unaoisha muda mfupi kabla ya magharibi, ili mtu ashuke kwenye baiskeli na kwenda kufuturu. Wasiofunga wakijiunga na mzunguko huo hawanywi maji mbele ya wenzao.

22. Ikitokea ajali?

Kwanza wawili wanakwenda kuonya magari pande zote mbili. Aliyeumia kichwa, shingo au mgongo hainuliwi wala hanyweshwi maji, na kofia yake haivuliwi isipokuwa hapumui vizuri. Hospitali ya rufaa ya Ligula ndiyo tunayoielekea. Namba 112 ni ya dharura, na kila mwanachama hubeba karatasi yenye jina la ndugu wa kupigiwa.

23. Naweza kuja na mwanangu au mwanafunzi wangu?

Mtoto hapana, kwa sababu ya malori (swali la 12). Mwanafunzi mwenye zaidi ya miaka 18 anakaribishwa kwenye njia fupi, ila asialikwe na mwalimu anayemsahihishia mitihani, ili asijione amelazimika.

24. Je, huwa mnakwenda hadi Lindi?

Ni zaidi kidogo ya kilometa 100, na ni safari ya siku moja ya kwenda tu. Wakati wake ni Juni hadi Septemba: kusi huwa upande wa nyuma kwa sehemu kubwa ya njia, na korosho bado hazijaanza kusafirishwa. Tunapumzika Mingoyo, kabla ya barabara ya Lindi kuelekea kaskazini, na tunarudi kwa basi siku inayofuata na baiskeli zikiwa kwenye buti. Anayetaka kwenda awe amekwisha kufika Mnivata na kurudi bila kusukumwa.

25. Nimestaafu au nimehamishwa chuo. Nimepoteza uanachama?

Hapana. Jina lako linabaki kwenye orodha, mchango unakuwa wa hiari, na ukiwa Mtwara Jumamosi yoyote, muda wa kuondoka ni ule ulioelezwa kwenye swali la 3.